SOMO LA WANACHAMA: PUNDA ALIYECHOKA NI WA NANI?



Somo hili lisomwe katika mkutano wa wanachama na kujadiliwa. Madhumuni yake ni kueleza kazi ya watu wanaotunza wanyama waliookolewa, na kuonyesha sehemu ya kazi hiyo inayoweza kufanywa na chama cha msingi.

1. Punda katika njia ya misafara

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na maziwa makuu. Mizigo mingi ilichukuliwa mabegani na wapagazi, hasa Wanyamwezi, kwa sababu wanyama hawakustahimili safari ile. Mwaka 1871 Stanley alitoka pwani na punda zaidi ya 20 na farasi wawili. Farasi wote walikufa mapema, na punda wengi walimfia njiani. Nagana, maradhi yaenezwayo na mbung'o, yalikuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa wanyama wa mizigo, na mbung'o wangalipo katika misitu yetu ya miombo. Mnyama aliyeugua hupata homa, hukonda na kuishiwa damu hata akashindwa kusimama. Kwa hiyo punda anayekonda si lazima awe mvivu. Aghalabu ni mgonjwa.

2. Hatari ya siku hizi

Katika miaka ya karibuni ilizuka biashara ya ngozi za punda, ambazo huchemshwa ili kupata dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Machinjio yalifunguliwa Tanzania na Kenya, na wizi wa punda ukaongezeka. Mwaka 2022 Serikali yetu ilizuia uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki zuio la miaka 15 barani kote. Sababu yake yafahamika: punda hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Akiibwa leo, pengo lake halizibiki msimu ujao, na mzigo wake wa maji na kuni huhamia kichwani mwa mama wa nyumba.

3. Mfano wa Lamu

Katika kisiwa cha Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mawe na mchanga, kituo cha punda kilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen. Kazi ya watunzaji wa vituo vya namna hii haina fahari. Huosha vidonda, hutoa dawa ya minyoo, hukata kwato zilizorefuka, na humlowekea pumba punda mzee ambaye meno yake yamekwisha. Tena hawawatenganishi punda wawili waliozoeana, kwani anayebaki peke yake huweza kukataa chakula. Hivyo punda naye, kwa namna yake, ni mwanaushirika.

Jambo kubwa la kujifunza ni hili: vidonda vingi vinavyotibiwa vituoni vingeweza kuzuiwa nyumbani kwa mwenye punda. Kuokoa ni kazi ya gharama. Kuzuia ni kazi ya kila siku, na haihitaji kituo.

4. Mambo ya kutekeleza katika chama

(a) Nira ya maksai isitumiwe kwa punda. Maksai husukuma nira kwa nundu na shingo. Punda huvuta kwa kifua. Afungwe mkanda mpana wa kifuani, na chini ya shogi liwekwe tandiko laini.

(b) Punda apewe maji kila siku, kivuli na mapumziko. Mwenye mimba kubwa, mwenye kidonda na kilema wasifanyishwe kazi.

(c) Katibu aweke daftari la wanyama kazi wa wanachama: mwenye mnyama, alama zake, na tarehe ya matibabu. Daftari hili litasaidia pia mnyama akiibwa.

(d) Mkutano mkuu ujadili kutenga fungu dogo la matibabu na kumwita afisa mifugo kabla ya msimu wa kazi nyingi. Uamuzi uandikwe katika muhtasari.

(e) Punda aliyezeeka asifukuzwe porini. Mwanachama asiyemweza autaarifu uongozi, ili atafutwe mtu wa kumtunza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumtupa aliyekutumikia ni mateso pia.

5. Hitimisho

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Lakini yatupasa kujiuliza ni nani aliyetangulia kupiga. Chama kinachojua uzito wa kila robota la tumbaku hakikosi uwezo wa kujua hali ya mnyama aliyelifikisha ghalani.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu wamo punda wangapi wenye vidonda vya nira?
2. Mwanachama akipoteza punda wake, nani katika nyumba hiyo huubeba mzigo?
3. Fungu la matibabu litoke wapi, na nani alisimamie?