Nani Atapanda Daraja?

Watoto wa Kasha, kule Bagira, wamezoea vilima vya Bukavu. Msichana hupanda njia yenye utelezi, bidoni ya maji kichwani, asimwage hata tone. Huyo amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya jimnastiki. Nusu ya pili ni kutembea na kuruka juu ya boriti yenye upana wa sentimeta 10 tu, iliyoinuliwa sentimeta 125 kutoka chini, mbele ya waamuzi.

Katika mchezo huu mtoto hapandi daraja kwa kupendwa na mwalimu. Hupanda kwa alama. Waamuzi wa kundi la kwanza huhesabu ugumu wa mazoezi yake. Wa kundi la pili huanza na alama 10, kisha hupunguza: kosa dogo, alama 0.1, kosa la kati, 0.3, kosa kubwa, 0.5, kuanguka, alama 1 nzima. Mwishoni hesabu hizo mbili hujumlishwa.

Tuseme wasichana wawili wanagombea nafasi moja. Wa kwanza ni hodari sana. Ugumu wake ni 3.0. Lakini anaanguka, na makosa mengine yanamwondolea 0.8. Anabaki na 8.2, jumla 11.2. Mazoezi ya wa pili ni mepesi, 2.4, ila ameyafanya safi, 9.1. Jumla yake 11.5. Huyu wa pili ndiye anayechaguliwa. Wa kwanza analia, lakini machozi hayabadili hesabu.

Umri nao hutazamwa. Nadia Comaneci wa Romania alishinda katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, akiwa na miaka 14. Tangu 1997 msichana asiyetimiza miaka 16 katika mwaka ule haruhusiwi kuingia, maana mifupa ya mtoto ingali inakua na huumia upesi.

Kaylia Nemour wa Algeria alipanda daraja kwa daraja. Mwaka 2023 alishinda mashindano ya Afrika huko Pretoria. Baadaye akaenda mashindano ya dunia ya Antwerp, na huko akapata nafasi ya kwenda Paris. Tarehe 4 Agosti 2024, katika zoezi la vyuma viwili, kimoja juu na kimoja chini, alipewa 7.2 kwa ugumu na 8.5 kwa usafi. Akavishwa medali ya dhahabu, ya kwanza ya jimnastiki kwa Afrika nzima. Alikuwa na miaka 17.

Maswali
1. Jumlisha alama za Nemour.
2. Kama yule msichana wa kwanza asingalianguka, angalipata alama ngapi? Nani angalichaguliwa?