Mbona ampuli ya depo inawaka hafifu?

Anayetumia plaki ya sola na batri ya volti 12 hapa Salamabila anaijua shida hii: batri ni nzima, ampuli ni nzima, lakini kwenye depo mwangaza ni hafifu. Tunamlaumu mwenye duka. Mara nyingi kosa ni la waya.

Tupige hesabu. Mjerumani Georg Ohm alitoa sheria yake mwaka 1827: volti ni ampea mara omu. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ukinzani, yaani vile kitu kinavyouzuia umeme. Na wati, nguvu yenyewe, ni volti mara ampea.

Tuchukue ampuli ya fari ya motokari, wati 60. Gawanya 60 kwa 12: ampea 5. Gawanya 12 kwa 5: omu 2,4. Sasa, depo iko mita 20 kutoka kwa batri. Umeme unaenda na kurudi, basi waya ni mita 40; wengi wanasahau ile ya kurudi. Waya ya shaba ya milimita mraba 1,5 ina omu 0,012 hivi kwa kila mita, kwa hiyo mita 40 ni omu 0,48. Jumlisha na 2,4 upate 2,88. Gawanya 12 kwa 2,88: ampea 4,17. Ampuli inapata volti 10 tu, sawa na wati 42 hivi. Wati 8 zinapasha waya moto bure. (Ukinzani wa ampuli hubadilika kidogo isipowaka sana, ndiyo maana kipimo cha fundi kinaweza kupishana na chetu.)

Kwa waya ya milimita mraba 4 ampuli ingepata wati 52 hivi, lakini waya hiyo ni ghali. Sisi tunaona afazali kusogeza batri karibu na depo, penye hewa.

Kinachotuogopesha zaidi ni kiungo kilicholegea. Kikiwa na omu 0,5 tu, kinatoa joto la wati 6 hivi pahali padogo kama punje ya muhindi, kando ya gunia za mpunga. Na fyuzi haikatiki, maana ampea zimepungua! Basi washa ampuli nusu saa, zima, kisha gusa kila kiungo. Chenye joto kifunguliwe, kisafishwe, kikazwe tena.

Fyuzi ina kazi nyingine: waya mbili zikigusana, ukinzani unakaribia 0 na batri inasukuma ampea mamia. Weka ya ampea 10, karibu kabisa na batri. Ikikatika, usiweke kipande cha waya pahali pake.