Mtoto Akikosea, Atakimbilia Wapi?



Somo letu la leo lilianzia kwenye kikao cha kikundi, wakati wa chai, wala hatukuwa tumelipanga. Mama mmoja aliuliza, "Mtoto wako akipoteza pesa ya unga, atakuja nyumbani au atakimbia?" Kwanza tukacheka. Halafu tukanyamaza, maana sote tulikumbuka usiku ule.

Kijana wa miaka 10 alitumwa dukani na noti ya Sh. 200. Njiani akacheza mpira kidogo, na alipotia mkono mfukoni, noti haimo. Hakurudi nyumbani. Giza likaingia, mama yake akaanza kuuliza kwa majirani, na kufikia saa tatu usiku tulikuwa tunamtafuta kwa tochi mpaka kule mtoni. Tulimpata alfajiri ndani ya ghala la mahindi la nyanya yake, amejifunika gunia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Msimwambie baba." Na baba mwenyewe alikuwa amesimama pale nyuma yetu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Baba huyo si mtu mbaya, hata kidogo. Hulipa karo, halewi, na watoto wake hawakosi viatu. Lakini kwake kila kosa lilikuwa na jibu moja, yaani fimbo. Kikombe kikivunjika, fimbo. Kuku wakisahauliwa nje, fimbo. Kwa hivyo mtoto alikuwa amejifunza jambo moja vizuri sana: ukikosea, jifiche. Leo ni noti. Je, kesho mtu mzima akimgusa vibaya, au wenzake wakimpa bangi, atamwambia nani?

Shuleni kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza neno hilo. Nyumbani bado tunabishana. Wengine husema, "Mbona sisi tulichapwa na tukawa watu?" Tena watakukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, mtoto asiyekanywa ataharibika. Lakini methali haikutaja fimbo. Mtoto hulia pia akinyimwa mpira mpaka amalize kazi, na machozi hayo humfaa.

Sasa tufanyeje? Kosa likitokea, keti chini ili macho yenu yalingane, kisha uliza, "Kumetokea nini?" Usianze na "Kwa nini?", maana hapo mtoto hutafuta kisingizio. Msikilize mpaka mwisho. Kama hasira imekupanda, mwambie mtazungumza baada ya chakula, wewe nenda ukachote maji. Na baada ya chakula mzungumze kweli.

Adhabu ifanane na kosa. Aliyepoteza pesa kwa mchezo azifanyie kazi kidogo kidogo: alishe kuku, auze mayai, alipe. Na akija kusema mwenyewe, adhabu ipungue, naye aone kwa macho yake kwamba imepungua. Hapa ndipo wengi wetu tumeanguka. Tunasema, "Sema ukweli, sitakuchapa." Akisema, tunamchapa. Jamani, mtoto hasahau hilo! Mara ya pili hutamsikia tena.

Ila usingoje siku ya kosa ndipo uanze kuongea naye. Dakika 10 jioni zatosha, mkichambua mboga au mkifungia mbuzi, simu ikiwa kando. Muulize ni nini kilichomchekesha leo, ni nani aliyemkasirisha. Akina baba, hili ni lenu pia. Wengi wetu huuliza tu, "Ulipata ngapi?", halafu basi.

Na ukikosea wewe, omba msamaha. Mmoja wetu alimwadhibu binti yake kwa sababu ya sukari iliyopungua, kumbe ni mgeni aliyejihudumia. Alimwita binti akamwambia, "Mama alikosea, nisamehe." Jirani alicheka ati anajishusha. Binti mwenyewe hakucheka.

Yako pia mambo ambayo mtoto hataweza kumwambia mtu wa nyumbani, hasa kama anayemuumiza ni wa nyumba hiyo hiyo. Hapa Kenya kuna nambari ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nayo ni 116. Mfundishe mapema, kama unavyomfundisha jina la chifu wenu.

Yule kijana wetu alilipa Sh. 200 kwa mayai, ikamchukua majuma kadhaa. Mwezi uliopita alivunja mpini wa jembe la baba yake. Alimngojea langoni, vipande viwili mkononi, akasema kabla hajaulizwa. Baba alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Lete panga, twende tukatafute mti mwingine."