Somo la Wiki: Kona Iliyofichwa

Msamiati

*Behewa (mabehewa)*: sehemu ya treni inayobeba abiria au mizigo.
*Handaki (mahandaki)*: njia inayopita ndani ya mlima au chini ya ardhi.
*Nusukipenyo*: umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni.
*Kuacha njia*: magurudumu kutoka kwenye reli.

Kusoma

Hapa Marekani wengi wanaojenga reli ndogo za mezani hutumia kipimo kiitwacho HO: kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kitu halisi. Mara nyingi kipande cha njia hufichwa ndani ya mlima wa plasta. Je, kona ya humo iwe na nusukipenyo gani?

Wengine husema, "Haionekani, basi tuibane tupate nafasi." Nusu ya wazo hilo ni kweli. Kwenye kona kali, behewa refu hutokeza: tumbo lake huingia upande wa ndani, na ncha zake hutoka upande wa nje. Mahali pa wazi jambo hilo huchukiza macho, lakini ndani ya handaki halimsumbui mtu, mradi kuta zisiguswe.

Hata hivyo, kona ikibana mno, mabehewa huvutana kwa upande, magurudumu hupanda reli na treni huacha njia. Tena huko ndiko mkono usikofika kwa urahisi! Kwa hiyo kona iliyofichwa inaweza kukosa uzuri, lakini isikose usalama.

Kanuni ya kupima

Chukua behewa lako refu kuliko yote, kisha zidisha urefu wake.

Mara 2: baadhi ya mabehewa hupita.
Mara 2.5: mengi hupita vizuri.
Mara 3: hapo una uhakika.

Behewa la mizigo la futi 40, katika HO, lina sentimita 14. Basi 14 × 3 = 42. Kona ya dukani ya inchi 18, yaani karibu sentimita 46, inatosha. Behewa la abiria la futi 85 lina karibu sentimita 30, nalo linataka 90. Nafasi ikiwa ndogo, usishuke chini ya 75.

Kabla ya kufunika mlima, endesha treni ndefu mbele na nyuma mara nyingi. Acha pia mlango wa kupitisha mkono, kwani *mtaka cha mvunguni sharti ainame*.

Zoezi

1. Behewa lako refu lina sentimita 20. Kona iliyofichwa iwe na nusukipenyo gani ili uwe na uhakika?
2. Andika kwa wingi: Behewa refu limeacha njia ndani ya handaki.
3. Mwulize mzazi, bibi au babu: methali ya leo hutumika wakati gani? Andika sentensi mbili, uje nazo darasani.

Majibu: (1) Sentimita 60. (2) Mabehewa marefu yameacha njia ndani ya mahandaki.