Maradhi ya Kudumu Hayabebwi na Mtu Mmoja

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi huonana na mhudumu wa afya mara 12 kwa mwaka. Tuseme kila mara anapewa nusu saa nzima, jambo ambalo ni nadra siku ya kliniki ikiwa imejaa. Jumla ni saa 6. Mwaka una saa 8,760. Saa zote zilizobaki yuko nyumbani, shambani, sokoni au kazini, na ni yeye anayeamua ale nini, ameze dawa au aache, aseme au anyamaze.

Somo hili linahusu saa hizo zilizobaki. Linawalenga wakazi wanaoishi na kisukari, shinikizo la damu (presha), kifafa, pumu, ugonjwa wa selimundu, virusi vya Ukimwi, saratani au maradhi mengine ya muda mrefu, pamoja na jamaa wanaowatunza. Ukimaliza kulisoma utajua kikundi cha wagonjwa kinaweza kukusaidia vipi, mipaka yake ni ipi, na unavyoweza kukipata au kukianzisha mtaani kwako.

Kwa nini mtu huchoka njiani

Utafiti wa kitaifa wa STEPs wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la damu. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu hupewa tembe, akazimeza wiki mbili, akajiona mzima, akaziacha. Haoni madhara siku hiyo wala mwezi huo. Anayaona siku ya kiharusi, au siku anapoambiwa figo zimeharibika.

Si kwamba wanaoacha dawa ni wajinga au wazembe. Wengine wamekosa nauli ya bodaboda na pesa za dawa. Wengine wanaona haya kumeza tembe mbele ya wafanyakazi wenzao. Wako waliochoshwa na maneno ya majirani: “Umekonda, una nini?” Na wako waliochoka tu. Kuambiwa kwamba utameza dawa maisha yako yote ni habari nzito, na uzito huo hauishi siku ya kwanza.

Jamaa husaidia sana, lakini nao wana mpaka. Mwezi wa kwanza kila mtu anauliza hali yako. Mwaka wa tatu hakuna anayeuliza, na wewe mwenyewe unaona vibaya kulalamika kila siku. Unaweza kukaa katika nyumba yenye watu wanane ukawa mpweke. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Ndiyo maana mtu anayebeba mzigo kama wako ana jambo la kukupa ambalo hata mtu anayekupenda hawezi kulitoa.

Wazo hili si geni

Mwaka 1905 katika mji wa Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawakuweza kumudu gharama za hospitali maalumu zilizojengwa mbali na mji. Aliwakusanya mara moja kwa wiki katika darasa dogo. Kila mgonjwa aliandika katika daftari jinsi alivyopumzika, alivyokula na joto la mwili wake lilivyokuwa, na muuguzi aliwatembelea nyumbani. Pratt alikusudia kuwafundisha usafi na mapumziko. Aligundua jambo jingine: watu wa asili na dini tofauti walifanywa marafiki na ugonjwa walioshiriki, na urafiki huo uliwafanya wafuate masharti.

Karibu na kwetu, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO jijini Kampala. Mumewe, Christopher, alikuwa amefariki kutokana na Ukimwi mapema mwaka huo. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwepo, na mgonjwa aliweza kufukuzwa nyumbani. Waanzilishi hao, wengi wao wakiwa wameguswa na ugonjwa huo wenyewe au katika familia zao, walianza na walichokuwa nacho: kukaa pamoja, kusikilizana na kutunzana. Dawa zilipokuja miaka mingi baadaye, walikuwepo watu waliokwisha kuzoea kusema ukweli kuhusu hali zao.

Hapa Kenya, mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ulijaribu njia hii kwa wagonjwa wa kisukari na presha katika eneo la magharibi. Watu 2,890 walishiriki. Baadhi walipata matibabu ya kawaida, baadhi walikutana kwa vikundi na mhudumu wa afya, baadhi waliweka akiba pamoja kama chama, na baadhi walifanya yote mawili. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, presha ilishuka katika makundi yote, na ilishuka zaidi kwa waliokutana na kuweka akiba pamoja. Hata hivyo, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema kwa uhakika kwamba imeletwa na kikundi. Tunayataja haya ili msomaji aelewe: kikundi si muujiza. Ni mkono wa pili, na wa kwanza ni matibabu.

Mambo manne unayoyapata kikundini

*Kwanza, kusikilizwa bila kueleza mwanzo hadi mwisho.* Mama mwenye kisukari akisema, “Jana nililia nikimwandalia mume wangu chapati,” wenzake hawaulizi kwa nini. Wanajua. Nusu ya faraja iko hapo.

*Pili, ujuzi wa nyumbani.* Muuguzi atakuambia upunguze wanga. Mwenzako atakuambia jinsi anavyofanya kwenye matanga, sahani ya wali inapopitishwa na kukataa kunaonekana dharau. Atakueleza kwamba yeye huchukua mboga kwanza, kisha wali kidogo, na hukaa karibu na shangazi anayejua hali yake. Asiye na friji ataelezwa na wenzake wanavyohifadhi insulini katika chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini, kisha atamuuliza muuguzi kama inafaa kwa aina anayotumia.

Hapo pia mtu hujifunza dalili za sukari kushuka mno: kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kama amezimia, asitiliwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini. Kila mwanakikundi akilijua hili na kulifundisha nyumbani kwake, maisha yanaokoka.

*Tatu, kukumbushana.* Simu fupi ya mwenzako, “Kesho ni kliniki, tukutane stejini saa moja,” humwinua mtu aliyekuwa ameshaamua kubaki nyumbani. Wawili wakienda pamoja, foleni huwa fupi.

*Nne, kuwa na cha kutoa.* Mgonjwa huzoea kupewa: kupewa dawa, kupewa pole, kupewa kiti. Kikundini anaweza kutoa. Aliyeishi na presha miaka 15 akimshika mkono aliyegunduliwa wiki jana, wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na nguvu zaidi. Huo ndio urafiki tunaouzungumzia.

Mipaka ya kulindwa

Kikundi kizuri kinaweza kuharibika. Haya yakubaliwe siku ya kwanza na yasomwe mara kwa mara:

1. *Siri ya mwanakikundi haitoki nje.* Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu. Siri moja ikifika sokoni, kikundi kimekufa.
2. *Hakuna kugawana dawa.* Tembe inayomfaa mwenzako inaweza kukudhuru, hata kama ugonjwa una jina moja.
3. *Hakuna kumshauri mtu aache dawa,* iwe kwa sababu ya mitishamba, maombi au kinywaji fulani. Mtu ana uhuru wa kuomba na kuombewa. Dawa anaendelea kumeza hadi daktari aseme vingine.
4. *Hakuna wachuuzi.* Wanaouza “tiba ya kisukari ya siku 30” hupenda mahali walipokusanyika wagonjwa. Wasipewe nafasi ya kuhutubia.
5. *Si mashindano ya namba.* Ambaye sukari yake imepanda asione haya kusema. Akionewa, mwezi ujao atadanganya, na mwezi unaofuata hatakuja.
6. *Huzuni nzito ina wataalamu wake.* Mwenzenu akisema hataki kuishi, msibaki na maneno ya faraja tu. Msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Liko jambo jingine gumu ambalo vikundi vingi havijiandai kulikabili. Mwenzenu mmoja anaweza kukatwa mguu. Mmoja atafariki. Siku hiyo kila mtu hujiuliza, “Zamu yangu ni lini?” Msilipite jambo hilo kimya. Kaeni, mtajeni, semeni mlichojifunza kwake, na kila mtu aseme anachoogopa. Vikundi huvunjika kimya kimya baada ya mazishi pale ambapo hofu haikupewa nafasi.

Namna ya kupata kikundi au kukianzisha

*Uliza kwanza.* Siku ya kliniki, muulize muuguzi kama kuna kikundi katika zahanati, kituo cha afya au hospitali unayohudhuria. Muulize pia mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea mtaa wako. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari, na wanazijua nyumba za eneo lao.

*Anzeni wachache.* Watu 5 au 6 wanatosha. Chagueni siku isiyogongana na soko wala ibada, na mahali pasipo na gharama: chini ya mti wa zahanati, ukumbi wa chifu, au nyumbani kwa mmoja wenu kwa zamu.

*Muwe na utaratibu mfupi.* Saa moja na nusu inatosha: dakika 20 za kupima presha na sukari kwa msaada wa mhamasishaji, dakika 30 za kila mtu kusema mwezi wake ulivyokuwa, dakika 30 za funzo moja, na dakika 10 za kupanga mkutano ujao na kuona nani hakufika. Asiyefika atafutwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kabla jua halijatua.

*Jisajilini mkikua.* Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na angalau wanachama 10. Muoneni afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu mkiwa na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Usajili hurahisisha kufungua akaunti na kuomba misaada ya maendeleo.

*Fedha zisifunge mlango.* Akiba ya pamoja inaweza kulipa nauli ya kliniki na kuwasaidia wanachama kujisajili na kuchangia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Lakini asiye na mchango mwezi huo asizuiwe kuketi. Mara nyingi ndiye anayewahitaji zaidi. Hesabu ziandikwe na watu wawili na zisomwe mbele ya wote.

Neno kwa jamaa

Mama au baba akisema anaenda kikundini, usimwambie anapoteza muda. Msaidie kazi ya nyumbani siku hiyo. Akirudi, muulize amejifunza nini. Na kama kikundi kinaruhusu, nenda naye siku moja ujue chakula chake, dawa zake na dalili za hatari. Kwa wenye watoto wanaougua selimundu, kifafa au kisukari, kikundi cha wazazi kina manufaa yale yale, kwani mzazi naye huchoka.

Maswali ya kujadili nyumbani au kikundini

1. Ni nani katika mtaa wetu aliyeacha kliniki, na ni nani kati yetu anayeweza kumtembelea bila kumwaibisha?
2. Ni jambo gani kuhusu ugonjwa wako ambalo hujawahi kulisema mbele ya mtu?
3. Jamaa zako wanajua la kufanya ukizidiwa usiku?
4. Kama una kikundi tayari, ni mpaka gani kati ya ile sita umeanza kulegea?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku yako ya kliniki ijayo, kabla ya kuondoka na dawa zako, mgeukie uliyeketi naye kwenye benchi. Mnaugua ugonjwa mmoja, mmengoja saa tatu pamoja, na huenda hamjaulizana majina. Muulize jina lake, na muulize anakaa wapi. Vikundi vingi vimeanzia kwenye benchi kama hilo.