Kabla ya Kwenda Dukani: Mapishi ya Nyumbani kwa Kaya za Usambara

Anayeyatazama malori yanayoshuka Soni kuelekea Mombo, yamesheheni kabichi, karoti na viazi, anaweza kudhani kwamba utapiamlo hauwezi kupanda huku juu. Takwimu za nchi hazituruhusu kujifariji hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 59 ya wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, upungufu huo ulikuwa asilimia 42. Malaria na minyoo vina sehemu yake katika hesabu hiyo, na chakula nacho kina yake. Kuanzia Lushoto hadi Zirai, jikoni mwa kaya nyingi hamkosekani mahindi, maharage, ndizi na mboga za majani. Tunachodai katika kijitabu hiki ni kwamba vyakula hivyo huliwa vimetengana, au hupikwa mpaka faida yake ikaishia kwenye maji yanayomwagwa, na kwamba kuvikutanisha vizuri huongeza lishe na utamu kwa wakati mmoja.

Chukua makande. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi huuziba, kwa hiyo wazee waliovichanganya chunguni hawakukosea. Tatizo ni madini ya chuma: maharage yanayo, lakini mwili huyanyonya kwa shida yakiliwa peke yake. Vitamini C hurahisisha kazi hiyo. Kamulia ndimu sahanini, si motoni, kwa kuwa moto mrefu huiharibu vitamini hiyo, au kula chungwa au pera mara baada ya mlo. Halafu kuna chai, na hapa tunajua tunagusa desturi ya milima inayoilima. Tanini iliyomo kwenye majani ya chai hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasifyonzwe, iwe chai ya rangi au ya maziwa. Hatumkatazi mtu chai. Inywewe saa moja kabla ya chakula au saa moja baadaye, na mtoto mdogo asipewe kabisa kama kiteremshio cha chakula.

Mboga za majani ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote, na zina ushahidi wa karibu. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha uchunguzi wake kuhusu majani ya mwituni katika mlo wa watu wa Lushoto, akaonyesha kwamba hayakuwa chakula cha njaa tu. Yaliliwa mara kwa mara pamoja na ugali. Leo wapo wanaosema mnavu na mchunga ni mboga za asiye na kitu, na kwamba mgeni apikiwe kabichi. Kwa heshima zote kwa kabichi, ni jani lenye rangi ya kijani iliyokolea linaloizidi kwa vitamini A na madini ya chuma. Pingamizi la watoto ni zito zaidi: mchunga ni mchungu. Wapishi wengi huuchemsha na kumwaga maji, na uchungu huondoka kweli, ila vitamini C huondoka nao. Jaribu njia nyingine. Osha majani kabla ya kuyakata. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, tia nyanya mbili zilizokatwakatwa, funika mpaka zipondeke. Tia konzi moja ya mchunga kwa konzi tatu za mchicha au majani ya maboga, geuza, kisha mimina karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji, au tui la nazi kama limepatikana. Acha vichemke pamoja kwa dakika chache, uepue mboga ikiwa bado kijani. Mafuta ya karanga au nazi hupoza ukali, na ndiyo yanayouwezesha mwili kuifyonza vitamini A. Usitie magadi, hulainisha haraka lakini huua vitamini. Kisamvu kina sharti lake: kitwangwe na kichemke muda mrefu bila mfuniko, kwa sababu kibichi kina sumu.

Mama wa nyumba atauliza kuni zitatoka wapi, na ana haki ya kuuliza. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kuliko Tanga mjini. Kwa majirani wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, kuni si kitu cha kujiokotea tu. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya na ufunike sufuria. Muda wa kupika hupungua sana. Maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi mwanzoni, kwani yakiachwa nusu mbichi huumiza tumbo. Chumvi, ile yenye madini joto, itiwe mwishoni, na kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima.

Limebaki la fedha. Mayai, maharage na maparachichi huuzwa ili kulipia sare na sabuni, na kijitabu hakiwezi kuifuta hesabu hiyo. Hata hivyo bei ya gulioni haihesabu anachokosa mtoto aliyevuka miezi sita, ambaye bado ananyonya lakini maziwa pekee hayamtoshi tena. Mpondee maharage yaliyoiva na parachichi, uchanganye kwenye uji mzito usiomwagika kijikoni. Kabla gunia halijafungwa, baba na mama wakubaliane debe lipi la maharage halipelekwi sokoni.