Longonot: Pima Saa Yako Kabla ya Kuzunguka Ukingo

Malalamiko yamekuwa mengi. Wapandaji wanasema wanaharakishwa, wanakatazwa kuzunguka ukingo wa kreta, wanarudishwa ilhali wamelipa. Kijitabu hiki kinaeleza sababu. Kisome kabla hujafunga kamba za viatu.

Usiudharau mlima

Longonot una mita 2,776 tu. Kando ya Mlima Kenya ni mtoto, na hapo ndipo wengi hukosea. Hii ni volkano ya Bonde la Ufa, na jina lake la Kimaasai lasemekana kumaanisha mlima wa migongo mingi. Migongo hiyo ndiyo utakayoipanda na kuishuka siku nzima. Udongo ni jivu la volkano: wakati wa kiangazi huteleza kama unga, wakati wa masika maji huuchimba makorongo. Ukingoni, huku kuna shimo la kreta, huku kuna mteremko mkali, na njia iko katikati, nyembamba.

Hesabu ya saa

Kutoka getini hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Kisha unateremka zile 3.1 ulizopanda. Jumla ni kilomita 13.4. Mzunguko peke yake humchukua mtu wa kawaida kama saa tatu. Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, na giza la huku kwetu halipigi hodi.

Kwa hiyo, ukifika ukingoni baada ya saa saba mchana, usizunguke. Itazame kreta, pumzika, teremka. Tunarudia: baada ya saa saba, usizunguke, hata kama wenzako wanakucheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko juu guu huvunjika kweli.

Maji na viatu

Mlimani hakuna kisima wala kijito. Kila mtu abebe maji yake, angalau lita tatu. Kandambili na viatu vyenye soli iliyolika vibaki nyumbani. Usijaribu kushuka ndani ya kreta. Usitembee peke yako. Nyati wanaishi mlimani humu.

Malipo

Viingilio hulipwa kupitia eCitizen. Pesa taslimu hazipokelewi. Raia, wakazi na wageni hawalipi sawa, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti.

Mtu akikwama

Msimwache. Mmoja abaki naye, wawili wateremke kuwaita askari wa hifadhi. Askari wetu wanaijua kila kona ya njia hii, na tunajivunia kazi yao. Lakini hakuna askari anayeweza kukurudishia saa ulizopoteza getini ukipiga picha.

Askari akikwambia rudi, rudi. Hakunyang'anyi safari yako. Kesho geti litafunguliwa tena saa kumi na mbili asubuhi.